Sultani alipanda meli, majirani wakabaki

Mazungumzo ya redio juu ya kuinuka na kuanguka kwa jamaa ya Busaidi ya Unguja, kama yalivyosomwa hewani

Wapendwa wasikilizaji wa Beni, wa Butembo, wa Oicha na wa Lubero, nawasalimu. Nawasalimu hasa ninyi mliokimbia vijiji vyenu, mnaolala leo kwa jamaa, katika madarasa ya shule au katika uwanja wa kanisa. Na wewe uliyepewa karatasi hii kwa sababu redio ya kwenu ilikwisha mawe, nakusalimu pia. Ukimaliza kusoma, tafadhali umpe mwingine.

Siku chache zilizopita tulikuwa na mkutano wa elimu ya uraia pamoja na familia zilizohamishwa na vita. Mama mmoja aliyefika Beni na watoto wanne aliinua mkono, akaniuliza hivi: «Mwalimu, hawa wakubwa wanaopigania viti, siku watakapoanguka, mimi nitarudishiwa shamba langu?» Watu wengine walicheka. Kijana mmoja akasimama nyuma yake, akasema: «Waanguke tu, wao na watu wao wote, hata watoto.» Hapo hakuna aliyecheka. Wengine walipiga makofi.

Nilisoma sheria miaka mitano katika chuo kikuu, lakini siku ile sikuwa na jibu la kumpa yule mama, wala la kumpa yule kijana. Nilirudi nyumbani nikafikiri. Leo ninaleta jibu langu, nalo nitalipitisha katika historia, kwa sababu swali lile si geni. Watu wengi duniani walikwisha kuona wakubwa wao wakianguka. Tunaweza kuuliza yaliyowapata wadogo.

Wengine kati yenu mlisoma shuleni habari za wafalme wa Urusi walioitwa Romanov. Mfalme wao wa kwanza alichaguliwa na mkutano wa wakubwa wa nchi mwaka 1613, baada ya miaka mingi ya fujo. Jamaa ile ikatawala miaka 304. Mwaka 1917 Nikolai wa Pili aliacha kiti, na Julai 1918 aliuawa pamoja na mke wake na watoto wao watano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, pamoja na njaa na magonjwa, viliua mamilioni ya Warusi ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la mfalme.

Lakini Urusi ni mbali. Nataka tuangalie jamaa nyingine ya wafalme, ambayo mkono wake ulifika hata katika pori letu. Ni jamaa ya Busaidi, masultani wa Unguja, kisiwa kinachoitwa pia Zanzibar. Lugha ninayosema nanyi sasa ilikuja huku kwa njia ya misafara iliyotoka pwani yao. Hata neno «barza», tunalolitumia kwa mahali wazee wanapokaa kupatanisha watu, ni neno la pwani. Kule baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, ambapo jirani hukaa na jirani.

KUINUKA

Wabusaidi walitoka Omani, nchi ya Waarabu iliyo ng'ambo ya bahari. Walipata utawala wa huko katikati ya karne ya 18. Waomani walikuwa wamekwisha kuwafukuza Wareno kutoka Mombasa mwaka 1698, na hivyo miji mingi ya pwani yetu ilikuwa imezoea kuwaangalia wao.

Mwenye kuiinua kabisa jamaa ile ni Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 mpaka 1856. Alikuwa mtu wa vita, lakini zaidi alikuwa mtu wa biashara, na sisi watu wa Butembo tungemwelewa upesi. Aliona kwamba Unguja ina bandari nzuri, maji matamu na udongo mzuri. Akapanda karafuu, akawahimiza wakubwa wengine wapande. Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Kutoka huko ilikuja nguo nyeupe ambayo watu waliiita merikani. Mwaka 1837 aliishinda jamaa ya Mazrui iliyokuwa ikishika Mombasa. Kufikia mwaka 1840 alikuwa amehamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja. Mfalme aliacha nchi ya baba zake akafuata soko.

Utajiri ule ulisimama juu ya vitu vitatu: karafuu, pembe za tembo na watumwa. Karafuu zilihitaji mikono ya kuchuma, na mikono ile ilitekwa bara. Pembe zilihitaji mabega ya kuzibeba. Wahindi wa mjini walitoa mkopo wa mali, misafara ikaondoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji, mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika Maniema. Pembe zilinunuliwa na watu wa Marekani na Ulaya, wakatengeneza vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mwenye dhambi alikuwa kabila moja. Mlolongo ule ulikuwa na Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi, machifu wa bara waliouza majirani zao, matajiri wa Kihindi, na wanunuzi Wazungu.

Mlolongo ule ulifika kwetu. Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alifanya Kasongo kuwa mji wake. Mwaka 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alimweka kuwa liwali wa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Katika mwaka uleule Stanley alipita pori la Ituri kwa taabu kubwa, akakuta kituo cha wawindaji wa pembe huko Ipoto. Mkubwa wao aliitwa Kilonga-Longa. Waliofika na bunduki walitafuta pembe, na njiani walichukua chakula na watu. Vijiji vilihama. Wasikilizaji wapendwa, kuhama hakukuanza na sisi.

UFA WA KWANZA: KITI BILA SHERIA

Sayyid Said alikufa baharini Oktoba 1856, akisafiri kutoka Omani kurudi Unguja. Aliacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Mila ya jamaa ile haikusema wazi kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi. Thuwaini alishika Omani, Majid akashika Unguja, na kila mmoja aliona haki yake. Mwaka 1859 ndugu yao mwingine, Barghash, alijaribu kumpindua Majid. Alishindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Nani alikata maneno kati ya ndugu hawa? Ni Waingereza. Mwaka 1861 Lord Canning, mkubwa wao katika Uhindi, aliamua kwamba Unguja na Omani zitengane, na kwamba Unguja ilipe Omani reale 40,000 kila mwaka. Ndugu waliposhindwa kusikilizana, mgeni alikaa kwenye kiti cha hakimu, na akiisha kukaa haondoki.

Barghash alipata utawala mwaka 1870 baada ya kifo cha Majid. Mwaka 1872 tufani iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Tuangalie tu kwamba lilikuja chini ya tisho la manowari, wala halikutoka kwa mtawala na watu wake. Mwaka 1883 alijenga jumba kubwa lililoitwa Beit al-Ajaib, yaani nyumba ya maajabu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1885, manowari za Wadachi zilisimama mbele ya jumba lile na kuelekeza mizinga. Mwaka 1886 Uingereza na Udachi ziligawana bara, zikamwachia sultani visiwa na utepe wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Mwaka 1896 sultani mmoja alikufa ghafula, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika jumba bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti manowari zilipiga jumba mizinga. Vita havikufika saa moja, lakini watu karibu 500 wa upande wa jumba walikufa au kujeruhiwa. Khalid mwenyewe alikimbilia nyumba ya konseli wa Udachi, akaokoka. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutaliona tena.

KITI KINABAKI, WATU WANAGAWANYIKA

Tangu hapo sultani alikuwa na bendera, gwaride na mshahara. Mamlaka yalikuwa kwa Mwingereza. Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa katika sheria. Lakini mimi kama mtu wa sheria ninawaomba mwangalie namna ilivyofanyika: fidia walilipwa waliopoteza watumwa, si waliokuwa watumwa. Walioachwa huru walibaki kukaa na kulima juu ya ardhi ya bwana yuleyule, bila karatasi yoyote. Jeraha lile halikuoshwa. Lilifunikwa tu.

Halafu serikali ya kikoloni ilizoea kuhesabu watu kwa asili yao. Mwaka 1926 iliundwa halmashauri ya kutunga sheria. Wajumbe waliteuliwa kwa kundi: Wazungu, Waarabu, Wahindi. Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946, miaka 20 baadaye. Kwa hiyo mtu aliyetaka haki yake alijifunza kwamba lazima kwanza aseme yeye ni kundi gani. Vikaja vyama vya Waarabu, vya Wahindi, vya Waafrika wenye asili ya bara, vya Washirazi wenyeji wa visiwa. Watu hawa waliswali pamoja, walisema lugha moja, walioana. Wengi hawakuweza kusema kwa uhakika damu yao inaanzia wapi. Lakini siasa iliwauliza kila siku.

Sultani Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 mpaka 1960, karibu miaka 50, na watu wengi walimheshimu kama mzee wa wote. Heshima ya mzee mmoja ilifunika nyufa nyingi. Alipokufa, nyufa zilionekana.

KUANGUKA

Vyama vikubwa vilikuwa viwili. Hizbu, yaani ZNP, kilionekana na wengi kuwa chama cha Waarabu, ingawa Waafrika wengi wa visiwani walikuwamo. ASP cha Abeid Karume kilionekana kuwa chama cha Waafrika. Kilikuwapo pia cha tatu, ZPPP, kilichoungana na Hizbu. Magazeti na mikutano ilijaa matusi. Kumbukumbu za utumwa zilitumiwa kama fimbo. Katika uchaguzi wa Juni 1961 watu walianza kupigana, na wakafa 68, wengi wao Waarabu maskini wa mashamba na wenye vijiduka. Hii ilikuwa onyo, miaka miwili na nusu kabla ya moto mkubwa.

Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa namna majimbo yalivyokatwa. Muungano wa Hizbu na ZPPP ulipata viti 18, ukaunda serikali. Kwa herufi ya sheria hakukuwa na kosa. Lakini mtu aliyepata kura nyingi akaambiwa hana kitu, atakubali kwa moyo? Wenye viti wangeweza kuwaita wenzao katika serikali. Hawakufanya hivyo. Tena waliwaondoa polisi wengi wenye asili ya bara, watu waliojua bunduki zinafungiwa wapi, wakawaacha mtaani bila kazi.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Sultani alikuwa Jamshid bin Abdullah, kijana aliyekuwa kwenye kiti tangu Julai tu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu mia chache wenye mapanga, marungu na mikuki, wakiwamo polisi wale walioachishwa kazi, waliteka ngome ya polisi ya Ziwani na ghala ya silaha ya Mtoni. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mtu kutoka Uganda, akitisha kwa maneno makali. Serikali iliyodumu mwezi mmoja na siku mbili ilikwisha kabla ya jioni.

Na sultani? Jamshid alipanda meli pamoja na jamaa yake. Mombasa hawakumruhusu kushuka, akafika Dar es Salaam, halafu akapelekwa Uingereza. Aliishi huko miaka mingi sana. Mwaka 2020 aliruhusiwa kuhamia Omani, ambako tawi lingine la jamaa ya Busaidi linatawala hata leo, na huko akafa Desemba 2024, akiwa mzee wa miaka 95.

Sasa tuulize swali la yule mama. Mkubwa alipoanguka, mdogo alipata nini?

Waliokufa siku zile ni maelfu. Hawakuwa watu wa jumba la sultani. Walikuwa wenye duka la chumvi na mafuta ya taa kijijini, wachuma karafuu, wavuvi, wake na watoto wao. Waliuawa kwa sura, kwa jina, kwa namna ya kuvaa, mara nyingine na mtu waliyemkopesha sukari wiki iliyopita. Maelfu wengine walipanda majahazi wakaenda Omani, Kenya, Tanganyika na Uingereza. Walikuwa wadeplase na wakimbizi kama ninyi, na nyumba zao zilichukuliwa.

Kweli, yalikuwapo mabadiliko ambayo maskini waliyangojea. Serikali ya Karume ilitwaa ardhi, ikawagawia watu wasiokuwa na ardhi eka tatu tatu. Sitaki kuwadanganya kwamba utawala wa zamani ulikuwa wa haki. Haukuwa. Lakini walioshinda walitawala bila uchaguzi mpaka mwaka 1980. Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi Aprili 1972. Woga ulibadilisha nyumba, haukuondoka.

Hasira ile ilirithiwa. Vyama vingi viliporudi, watu wa visiwa waliangaliana tena kwa jicho la 1964. Januari 2001, baada ya uchaguzi wenye ubishi, polisi waliwapiga risasi waandamanaji, watu zaidi ya 30 wakauawa, na wengine zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wengi wa waliokimbia walitoka Pemba.

Ndipo wakubwa wawili walifanya jambo ambalo lingefanyika mwaka 1963. Novemba 2009 Rais Amani Karume, mwana wa yule Karume wa kwanza, alikutana na mpinzani wake Seif Sharif Hamad, wakasikilizana. Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura kama wanataka serikali ya kushirikiana, na 66 katika kila 100 wakasema ndiyo. Haikumaliza matatizo yote. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na ule wa 2020 ulikuwa na damu. Lakini hata baada ya damu hiyo, Desemba 2020 Seif alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, miezi michache kabla ya kufa. Ona ni miaka mingapi ilihitajika kujifunza jambo moja: aliyeshinda asichukue vyote.

TUNACHUKUA NINI SISI WA BENI NA BUTEMBO?

La kwanza ni la wami, machefu wa grupema na wazee wa vijiji. Jamaa ya Busaidi ilianza kupasuka siku Sayyid Said alipokufa bila sheria wazi ya urithi. Kwetu ni vijiji vingapi vyenye machefu wawili, kila mmoja na muhuri wake? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mila, na papo hapo inayapa wajibu wa kutunza umoja wa nchi. Iko pia sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya machefu wa mila. Basi, mzee, ungali hai na akili zako ziko timamu, keti na jamaa yako katika kyaghanda, mseme mrithi ni nani, muandike, mashahidi watie sahihi. Mkishindwa kukata maneno ninyi ndugu, atakuja mwenye bunduki kuwakatia.

La pili ni la yule kijana aliyesema «na watu wao wote, hata watoto». Ndugu yangu, nimesikia uchungu wako. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritware ya Beni wamezika wapendwa wao bila kuhesabu tena. Lakini katiba yetu, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kushitakiwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Hii haisemi kwamba muuaji asamehewe bure. Inasema atafutwe yeye, kwa jina lake, apelekwe mbele ya tribinali. Ukimpiga jirani kwa sababu ya sura yake, muuaji wa kweli anafurahi, kwa sababu hakuna tena anayemtafuta. Unguja waliadhibu sura, na sultani alikuwa tayari baharini.

La tatu ni la wanaoshika redio, simu na vipaza sauti. Unguja ilitukanwa miaka mingi kabla haijachomwa. Habari ya redio trotwari, «wale wameonekana, wale wanajipanga», usiipeleke mbele kabla ya kuuliza: nani aliona, wapi, saa ngapi? Kama hakuna jibu, maneno yafie kwako.

La nne ni la ardhi, na hapa ninarudi kwa yule mama.

Mama, shamba lako halitarudishwa na kuanguka kwa mkubwa yeyote. Wakubwa wa Unguja walianguka, na waliokimbia hawakurudishiwa kitu kwa sababu hiyo. Kwa sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali, na wengi wetu tunalima kwa haki ya mila bila karatasi yoyote. Basi, siku utakaporudi, kitakachokurudishia shamba ni ushahidi. Na ushahidi wako mkubwa ni nini? Ni jirani aliyebaki hai, anayeweza kusimama mbele ya chefu na kusema: mpaka wa mama huyu unaanzia kwenye mti huu, unafika kwenye kijito kile. Ukikubali jirani huyo afukuzwe au auawe kwa sababu ya kabila lake, umemzika shahidi wako.

Kwa hiyo fanya hivi leo, hapo ulipo. Chukua daftari. Andika jina la kijiji, jina la aliyekupa ardhi, mwaka ulioanza kulima, mipaka minne, na majina ya majirani wa kila upande. Tafuta watu wa kijiji chako waliokimbilia huku, waweke sahihi au alama ya kidole. Umpe chefu au nyumbakumi nakala moja, na nyingine ubaki nayo. Na ninyi machefu, msiuze ardhi ya aliyekimbia. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 unataka mali iliyoachwa na waliohamishwa ilindwe. Atakayeuza leo anapanda vita ya watoto wake.

Familia mliowapokea wageni, najua mmechoka. Unga hautoshi, kuni hazitoshi. Hata hivyo mnafanya kazi ambayo hakuna jeshi linaloweza kuifanya, kwa sababu mtoto aliyelishwa katika nyumba ya kabila lingine ni vigumu kumfundisha baadaye kulichukia.

Watu wa zamani walisema zumari ikipigwa Unguja, hata watu wa Maziwa hucheza. Ngoma ile ya kwanza ilituletea misafara ya pembe na vijiji vitupu. Lakini ilituacha pia na lugha moja, ambayo Munande, Mupere, Mubira, Mutalinga na mgeni kutoka mbali wanaweza kusikilizana ndani yake. Tuitumie katika barza kabla ya kuitumia katika matusi.

Maswali ya kuzungumzia baada ya kusikiliza au kusoma:

1. Katika kijiji chenu, nani anajua sheria ya urithi wa kiti cha chefu? Imeandikwa mahali?
2. Kuna kosa gani la mtu mmoja ambalo sisi tumelitwika kabila zima?
3. Katika uongozi wa kambi, wa soko au wa mtaa, nani hana kiti wala sauti, na tunaweza kumpa nafasi gani?
4. Nani ni shahidi wa shamba lako? Yuko wapi leo, na mara ya mwisho mlisalimiana lini?